Shajara ya mradi: kupima maji na njia za watu kabla tuta la SGR, reli ya kisasa, halijafika

Kumbukumbu hizi ni za kamati ya mazingira ya kijiji chetu, kijiji cha wakulima wa mpunga na tumbaku, wafugaji na warina asali, kando ya reli ya kati unapotoka Kaliua kuelekea Nguruka. Zimepangwa kwa tarehe ili kijiji kingine kinachosubiri reli kichukue kinachofaa na kikwepe yaliyotushinda. Majina ya watu tumeyaacha kwenye daftari la kijiji. Hapa zinatumika namba za kaya.

19 Agosti 2023. Tunapima nini

Mkataba wa kipande cha SGR cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mradi wa aina hii ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na ripoti ipitiwe na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Hiyo ni kazi ya wataalamu waliosajiliwa na hatutaki kuiiga. Lakini timu yenye mamia ya kilomita za kukagua haiwezi kukaa kijijini msimu mzima wa mvua. Sisi tupo hapa mwaka mzima. Tulichoamua ni kuandika hali ya kijiji ilivyo sasa, kwa tarehe na vipimo, ili tuta likishasimama tusibaki tunabishana kwa kukumbuka.

Jambo moja lilituongoza tangu mwanzo. Mthamini huhesabu kilicho kati ya vigingi vya eneo linalotwaliwa: nyumba, miembe, shamba, kaburi. Reli inaumiza pia nje ya vigingi, kwa sababu inakata. Inakata mkondo wa maji, njia ya ng'ombe, njia ya mama anayekwenda jarubani, kwenye shamba lake la mpunga. Ya ndani ya vigingi yana fomu. Ya nje hayana fomu, kwa hiyo ndiyo tuliyoyapa muda wetu.

Maji yalikuja kwanza kwa sababu ya Kilosa. Kila aliyesafiri kwa reli ya kati anajua jinsi Mto Mkondoa ulivyosomba njia na makazi ya watu katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Kwetu hakuna milima kama ile, ila tuna mbuga: ardhi nyeusi, tambarare, inayojaa maji kuanzia Januari. Maji yake huelekea bonde la Malagarasi, na ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi ndiyo ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Tuta likizuia maji mahali kama hapa, huoni kishindo. Unaona mpunga unaoza upande mmoja na kukauka upande wa pili.

9 Septemba 2023. Ramani ya njia

Tulitembea na wazee wawili na vijana wa kamati, simu mkononi, tukiandika alama za GPS kila njia ya miguu inapokutana na reli ya sasa na inapopita kwenye eneo ambako wapima walikwishaonekana.

Simu zilitushinda chini ya miyombo. Mahali pamoja, simu mbili, alama zikapishana kwa zaidi ya mita kumi. Kwa ramani ya kitongoji si neno, lakini kwa kusema kisima kiko ndani au nje ya ukanda wa reli, mita kumi ndizo ugomvi wenyewe. Suluhisho lilitoka kwa fundi wa hapa: acha namba za simu zionyeshe eneo tu, umbali upime kwa tepu kutoka kwenye kitu kisichohama. Sasa kila alama imeandikwa hivi: “Kisima B, mita 41 kutoka kichwa cha kalavati ya tatu, kuelekea kusini.” Kalavati ni kipitisho cha maji chini ya tuta la reli. Mtu yeyote anaweza kurudia.

Tepu ya mita 30, Sh 28,000. Kaunta buku na kalamu, Sh 15,000.

Tahadhari kwa watakaofuata: usipime ndani ya hifadhi ya reli bila kuaga. Tulimwomba mkuu wa stesheni ya jirani, akatupa saa ambazo hakuna treni, na mtu wake mmoja akaja nasi.

30 Septemba 2023. Mkutano ulioficha nusu ya kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ulikwenda vizuri kwa kuutazama. Watu walijaa, mwenyekiti akaongoza, ikatoka orodha ya njia na maeneo muhimu. Tulipoikagua jioni, karibu kila kilichotajwa kilikuwa cha gari, pikipiki au mifugo. Hakuna aliyetaja njia ya kuni. Hakuna aliyetaja kisima cha kiangazi, ambacho kila mtu anakijua.

Wanawake walikuwepo mkutanoni, wamekaa upande wao, na muda ulikuwa saa saba mchana, wengi wakiwaza chakula cha watoto. Tukarudia kwa vikao vidogo vya jioni, kitongoji kwa kitongoji, wanawake peke yao, wakiongozwa na mjumbe wa kamati ambaye ni mkunga wa jadi. Orodha ikabadilika kabisa. Zilipatikana njia tano ambazo mkutano mkuu haukuzitaja, sehemu mbili za uyoga, na eneo la makaburi ya watoto wachanga lisilo na alama yoyote juu ya ardhi.

Hilo la makaburi lilitushtua. Kuhamisha makaburi kunatawaliwa na sheria ya mwaka 1969, na familia zina haki zao hapo, lakini kaburi lisilojulikana halihamishwi, linafukiwa. Tulikubaliana na akina mama kwamba eneo liandikwe kwenye daftari la kijiji bila kutaja ni la nani, na miti minne ya pembeni ipigwe rangi.

Wafugaji nao tuliwafuata mnadani, hawakuja mkutanoni. Mzee mmoja alitwambia: “Ninyi mnahesabu njia. Ng'ombe wangu wana njia mbili, ya kiangazi na ya masika. Mkihesabu leo mtaandika moja.” Tukaongeza safu kwenye daftari: msimu.

Chai ya vikao vyote, Sh 70,000.

4 Novemba 2023. Visima

Tulichagua visima vinne vya kienyeji: viwili juu ya reli, upande maji yanakotoka, na viwili chini yake. Kipimo ni urefu kutoka mdomo wa kisima hadi usoni mwa maji.

Kamba ya katani (Sh 6,000) haifai. Ikilowa urefu wake unabadilika, na vipimo vya siku moja vinakataa kukubaliana. Tulihamia kwenye tepu ileile ya fundi, tukaifunga kikopo kidogo cha bati kilichopinduliwa, mdomo chini. Kikigusa maji kinatoa mlio, nawe unasoma tepu hapohapo. Gharama yake hakuna.

Tatizo la pili lilichukua muda kulitambua. Kisima kilekile kilionyesha tofauti ya karibu nusu mita kati ya asubuhi na jioni. Tulidhani tumekosea kusoma. Kumbe ndoo: watu wakichota mfululizo, maji yanashuka, usiku yanapanda. Vipimo vyote vya mchana tumevifutia mstari mwekundu na kuviacha visomeke, wala hatuvitumii. Tangu hapo tunapima kabla ya adhana ya alfajiri, kisima hakijaguswa, mara moja kila wiki mbili. Vijana wawili wa sekondari ndio wenye kazi hiyo na wanaifanya kwa uaminifu mkubwa.

Kisima B leo: mita 4.1.

16 Desemba 2023. Nguzo za mafuriko

Tulisimika nguzo nne za mbao zenye mistari ya rangi kila sentimita 10, mbili juu ya reli na mbili chini. Mbao Sh 24,000, rangi Sh 18,000. Kabla mbuga haijajaa, mchwa walikuwa wamekula mbili kuanzia chini, na ya tatu imelala.

Badala yake tukanunua vipande vya bomba la chuma, vinne kwa Sh 38,000 kila kimoja, na mfuko wa saruji Sh 19,000. Rangi iliyobaki ilitosha. Kwa kijiji kingine nasema waziwazi: ruka hatua ya mbao.

Kosa jingine lililofichika lilionwa na fundi mwashi. Kila bomba lilikuwa na sifuri yake, pale ardhi ilipo. Ukisoma sentimita 60 juu ya reli na 40 chini yake, hujui kama maji ya juu yamezuiwa au ni ardhi tu imeinuka. Nguzo lazima ziwe na sifuri moja. Alileta mpira mwembamba unaoonyesha, ule ambao mafundi huujaza maji kusawazisha msingi wa nyumba, na tukahamisha usawa kutoka kwenye jiwe la kichwa cha kalavati hadi kwenye kila bomba, hatua kwa hatua. Kazi ilimaliza mchana mzima na mikono yote iliyokuwepo. Pasipo hatua hii, namba zote za mafuriko ni mapambo.

10 Februari 2024. Reli ya 1914 inatufundisha

Mbuga imejaa. Nguzo ya juu ya reli na ya chini, kwa sifuri moja: maji ya juu yameinuka kwa sentimita 38 kuliko ya chini. Tuta linalofanya hivyo lina umri wa miaka 110. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo maji hayajalizoea.

Hapa ndipo kazi yetu ilipopata uti wa mgongo. Watu wengi hujaribu kukisia tuta jipya litafanya nini. Sisi tuna tuta la zamani kwenye mbuga ileile, linalotuonyesha kila masika. Tulitembea urefu wote wa mbuga na kuandika kila kalavati: upana, kimo, na kiasi cha tope. Moja imefukiwa zaidi ya nusu. Wazee wanasema palikuwa na nyingine karibu nayo, ikafukiwa zamani wakati wa matengenezo, na majaruba ya chini yake yaliachwa mwaka uliofuata. Tulikwenda pale. Matuta ya majaruba bado yanaonekana chini ya nyasi, nasi tumepima eneo lake.

Kupima kiasi cha maji yanayopita: pima upana wa kalavati na kina cha maji, kisha mwendo wa maji kwa kitu kinachoelea. Chupa tupu ya plastiki inasukumwa na upepo na kutoa namba za uongo. Chungwa linazama karibu lote na linafuata maji. Tulipima urefu wa mita 10 kabla ya kalavati, tukaliachia chungwa mara nyingi na kuchukua wastani. Maji ya usoni hukimbia kuliko yaliyo karibu na sakafu, kwa hiyo zidisha mwendo huo kwa 0.85. Kalavati ya tatu: upana mita 1.5, kina mita 0.9, mwendo mita 1.6 kwa sekunde. Jibu ni kama mita za ujazo 1.8 kwa sekunde.

Mtu atauliza faida yake. Faida ni kwamba mhandisi anaelewa lugha hiyo. Ukimwambia “maji ni mengi sana hapa” atatikisa kichwa kwa heshima. Ukimpa mita za ujazo, tarehe, na mahali, anafungua mchoro wake.

25 Mei 2024. Mwaka usio wa kawaida

Tulikuwa tayari kuandika ripoti. Afisa mazingira mmoja mstaafu, aliyekubali kusoma daftari letu bila malipo, alituzuia. Msimu huu wote umekuwa wa El Niño, yaani mvua kubwa kupita kawaida. Tukiutumia peke yake kuwa “hali ya kawaida”, mwaka wowote wa mvua za wastani utakaofuata utaonekana kama ukame ulioletwa na reli, na yeyote atakayetaka kuipuuza ripoti yetu atakuwa na sababu nzuri.

Uamuzi: msimu mwingine mzima wa vipimo. Ulikuwa uamuzi mgumu kwa kamati, maana watu walitaka kuona matokeo. Naamini ndio uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya.

Kisima B: mita 0.8.

17 Agosti 2024. Fidia: kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Uthamini rasmi haujatufikia, lakini tumeanza kuandaa kaya. Kanuni za mwaka 2001 za kukadiria thamani ya ardhi kwa ajili ya fidia zinataja wazi yanayodaiwa: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida, nayo ya miezi 36 kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa kupita miezi 6, kuna riba. Tumeyabandika kwa maandishi makubwa kwenye ofisi ya mtendaji na kuyasoma msikitini na kanisani.

Kila kaya iliyo karibu na njia inayotarajiwa imepigwa picha: nyumba, miti ya matunda, bani la kukaushia tumbaku, mizinga. Picha za simu pekee hazikutosha, kwa sababu mzinga mmoja unafanana na mwingine. Sasa mwenye mali anashika ubao wenye namba ya kaya na tarehe. Mwanzoni tuliandika jina kwenye ubao. Tuliacha baada ya mjane mmoja kueleza kwamba shemeji zake wanafuatilia hizo picha kujua ana nini. Picha za awali zimefutwa mbele yake.

Kisha orodha ya vitu visivyo na fomu. Njia ya kaya 17 ni mfano wangu wa kudumu. Leo mama huyo anakwenda jarubani kilomita 1.2, anavuka reli popote. SGR huwekewa uzio, na treni zake za abiria zimesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa, hivyo kuvuka popote hakutakuwepo tena, na ni sawa kwa usalama. Tukichukulia kivuko kitawekwa pale kilipo kivuko cha magari cha sasa, safari yake itakuwa kilomita 3.7. Kwenda na kurudi zinaongezeka kilomita 5 kila siku ya palizi, na mtoto mgongoni. Hakuna kilichochukuliwa kwake. Shamba liko nje, nyumba iko nje. Kwenye uthamini hatakuwepo kabisa.

Dawa ya hilo haiko kwenye fidia. Iko kwenye mchoro: kivuko cha chini kwa watu na mifugo, mahali sahihi, kikiwa na kimo cha kutosha ng'ombe wapite. Kuongeza kivuko mchoro ukiwa mezani ni mstari wa kalamu. Tuta likishasimama ni kulibomoa.

23 Novemba 2024. Nyumba

Picha za nyufa za nyumba za tofali mbichi zimekamilika upande ulio karibu na kilima ambacho huenda kikapasuliwa mawe ya kokoto. Rula pembeni ya kila ufa, na kibandiko cha plasta juu yake chenye tarehe. Ufa ukipanuka plasta itakatika. Kupima kelele kwa programu ya simu tuliacha, kila simu ina namba zake.

Kisima B: mita 3.2. Novemba iliyopita ilikuwa 4.1, hivyo akiba ya El Niño bado imo ardhini.

15 Machi 2025. Msimu wa pili

Mvua za kawaida. Tofauti ya maji juu na chini ya tuta la zamani mwaka huu ni sentimita 21. Kwa hiyo tunaweza kusema kwa uhakika: tuta la zamani huzuia maji katika mwaka wa wastani, na mwaka wa mvua kubwa kizuizi karibu kinaongezeka maradufu. Kalavati zinazotosha mwaka wa kawaida hazitoshi mwaka mbaya, na tuta jipya ni lazima lihesabiwe kwa mwaka mbaya.

Kuna hatari ambayo hatukuiwaza mwanzoni. SGR inahitaji kona pana kuliko reli ya zamani, kwa hiyo haitaifuata bega kwa bega. Mahali zitakapoachana na kukutana tena, patabaki kipande cha mbuga kati ya matuta mawili. Kalavati za tuta jipya zisipokaa sambamba na za zamani, maji yataingia na kukosa pa kutokea. Tumekiweka alama kipande hicho kwenye ramani, kaya tisa zinalima humo.

28 Juni 2025. Kuwasilisha

Ripoti ina kurasa 14 za Kiswahili, ramani moja, na majedwali. Mkutano mkuu uliipitisha baada ya kusomwa yote kwa sauti, na wanawake wa vitongoji viwili walirekebisha mahali pa njia ya kuni kwenye ramani kabla ya kukubali. Nakala zimekwenda kata, halmashauri ya wilaya kwa afisa mazingira, ofisi ya kanda ya NEMC, na TRC, shirika la reli. Ofisi moja ilikataa kupokea bila muhuri wa ofisi nyingine, nayo hiyo nyingine ikataka ya kwanza ianze. Iliyotuvusha ni sheria yenyewe: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji dhamana ya kusimamia ardhi ya kijiji, hivyo barua iliandikwa upya kwa jina la halmashauri ya kijiji, ikiwa na muhtasari wa mkutano na mahudhurio yaliyosainiwa. Ikapokelewa siku hiyo. Dai nakala yako ipigwe muhuri wa “imepokelewa”, wenye tarehe.

Maombi yetu ni matatu tu, kwa makusudi, ili yasomwe: kalavati za tuta jipya zilingane na mikondo tuliyopima na zikokotolewe kwa mvua za 2024, vivuko vya chini viwili, kimoja kwenye njia ya mifugo ya masika na kimoja karibu na njia ya kaya 17, na eneo la makaburi likwepwe.

Gharama zote hadi leo, pamoja na mafuta ya pikipiki Sh 60,000 na nakala Sh 40,000: Sh 432,000. Kati yake Sh 30,000 zilipotea kwenye kamba na mbao.

Yaliyobaki: vipimo vya visima vinaendelea kila wiki mbili. Uwazi wa maji ya mto tutaanza kuupima Novemba, kwa glasi iliyowekwa juu ya karatasi yenye alama nyeusi ya msalaba, ukimimina maji hadi alama ipotee na kusoma kina chake, maana kazi za udongo zikianza tope litaonekana hapo kwanza. Mabomba mawili yanahitaji rangi upya. Jedwali tupu la daftari letu liko kwa mtendaji, na kijiji chochote kinachotaka kulinakili kitapewa.